Mtoto wa miaka 8 aambiweje kwamba baba yake yuko gerezani, si safarini?

BabaMdogo_Tabata

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri wa wanaolijua jambo hili kwa undani.

Kaka yangu amefungwa miaka 3. Hukumu ilitoka mwezi wa pili, sasa ni mwezi wa saba. Alikuwa karani wa mauzo, akawa anachukua fedha za mwajiri kidogo kidogo akidhani atazirudisha kabla hesabu hazijafungwa. Mahakamani alikiri kosa mwenyewe. Ana watoto wawili: binti wa miaka 8 aliye darasa la tatu, na wa kiume wa miaka 4. Wote waliambiwa baba kaenda Afrika Kusini kikazi.

Juzi binti katoka shule kamuuliza mama yake: "Segerea ndiyo iko Afrika Kusini?" Segerea ni gereza la hapa Dar es Salaam. Shemeji akamtuma dukani. Sasa ameniomba tukae naye tumweleze. Mzee wetu hataki kabisa, anasema aambiwe baba yake kasingiziwa ili heshima ibaki.

Nani aseme, na kwa maneno gani hasa? Huyu mdogo naye aambiwe? Wapelekwe kumwona? Na shuleni tunasemaje?

---

Ustawi_Kata

Mkuu, huyo binti ameshajua. Mtoto asiyejua haulizi swali la namna hiyo. Anapima kama kuna mtu mzima nyumbani atakayemwambia kweli, na alichojibiwa ni kutumwa dukani. Kwa hiyo msisubiri likizo. Fanyeni Jumamosi hii.

Anayesema ni mama. Wewe kaa pale, kuwepo kwako kunasaidia, ila usiongoze. Maswali ya mtoto hayaishi siku hiyo: yatakuja akiwa anasukwa, njiani kwenda shule, usiku taa ikizimwa, na wa kuyajibu ni yule anayekaa naye. Ukisema wewe, atajifunza kwamba hili ni jambo ambalo mama haligusi, na hatamuuliza tena.

Asubuhi baada ya chai ndiyo nafasi nzuri, ili mchana mzima ubaki. Usiku si wakati wake, wala Jumapili jioni. Msimwite kwa "njoo kaa hapa, tuna mazungumzo", atadhani kuna msiba. Mama awe anachambua mchele au anamenya viazi naye, mikono iwe na kazi. Mdogo awe nje anacheza. Dakika 10 zinatosha.

Maneno yawe karibu na haya:

"Nilikuambia baba yuko Afrika Kusini. Haikuwa kweli. Nilikosea kukuambia hivyo. Baba yuko gerezani. Kazini alichukua pesa ambazo hazikuwa zake. Mahakama ilimuuliza, akakubali kwamba alizichukua. Hakimu akasema akae gerezani. Wewe hukufanya kosa lolote, na mdogo wako pia. Baba anakupenda. Mimi nipo, siendi popote."

Ule uongo wa Afrika Kusini unarekebishwa kwanza, kabla ya habari yenyewe, maana mtoto aliyegundua kadanganywa hasikii kinachofuata mpaka asikie mtu amekiri. Kisha angalieni: "alichukua pesa", si "ni mwizi". Kitendo kina mwisho, jina linamganda mtu, na mtoto atajiuliza kama yeye naye ni mtoto wa mwizi.

Yapo maneno yanayoonekana ya upole lakini yanaharibu. "Baba alipata matatizo kazini": kuanzia siku hiyo mama akichelewa kurudi kazini mtoto atatetemeka. "Polisi walimchukua", bila sababu: ataogopa kila askari, hata trafiki wa barabarani. Baya kuliko yote ni "alifanya hivyo kwa ajili yenu, awalipie ada". Hilo watu wengi hulisema kwa nia njema ya kumtetea baba. Mtoto analisikia hivi: mimi ndiye niliyemfunga. Utaona anaacha kuomba daftari, anaficha kiatu kilichotoboka.

Kiasi cha fedha, jina la bosi, madeni na nani alimshtaki ni mambo ya wakubwa.

Mama akimaliza, anyamaze. Mtoto anaweza kulia, anaweza pia kuuliza kama anaruhusiwa kwenda kucheza. Aende. Asishikiliwe eti "umeelewa lakini?"

---

Mzee_Kigoda

Mimi nipo upande wa huyo babu, ingawa la kusingiziwa siliungi mkono. Mtoto wa miaka 8 hana kifua. Mwambie leo, kesho darasa zima linajua. Mngemwacha afike darasa la saba.

---

Ustawi_Kata

Mzee, shikamoo. Darasa ndilo lililomwambia yeye. Hapo hakuna siri iliyobaki ya kulindwa, kilichobaki ni nani atampa maelezo: wenzake uwanjani au mama yake.

Ila hoja ya kifua ni ya kweli, na dawa yake ni kutomwambia "usimwambie mtu yeyote". Siri nzito humfunga mtoto hata kwa mtu anayepaswa kumsaidia. Mwambieni: hii ni habari ya nyumbani kwetu, unaweza kuizungumza na mama, baba mdogo, bibi, na mwalimu fulani. Wengine huna deni la kuwajibu. Kisha mpeni sentensi moja ya kutumia uwanjani, fupi, isiyo na uongo: "Habari za baba yangu sizizungumzi." Aiseme kwa sauti mara tatu nne pale nyumbani, wewe ukijifanya mtoto mchokozi, mpaka itoke bila kutafuta maneno. Mtoto asiye na sentensi tayari hujibu kwa ngumi au hubuni uongo mpya, na akishabuni lazima aulishe kila siku.

Kuhusu "kasingiziwa": ndugu yenu alikiri mbele ya hakimu, na nakala ya hukumu ipo. Mtoto akikua ataisoma au ataambiwa na baba yake mwenyewe. Siku hiyo babu atakuwa amepoteza heshima yake pamoja na ya mwanawe.

---

Mstaafu_Magereza

Niongezee upande wa gerezani, maana familia nyingi hujikwaa kwenye tarehe.

Swali la kwanza la mtoto, baada ya "anakula nini", ni "atarudi lini". Kifungo cha miaka 3, mfungwa mwenye nidhamu hupunguziwa theluthi moja, kwa hiyo hutumikia miaka 2. Lakini akivunja kanuni anaweza kupoteza siku za punguzo. Msimpe mtoto tarehe. Mpimieni kwa darasa: "Baba anatarajiwa kurudi ukiwa darasa la tano. Ikichelewa, darasa la sita." Mtoto wa umri huo miaka haimshiki, darasa analishika. Na likitokea la mapema, litakuwa la furaha, si la kuvunja ahadi.

Msamaha wa Rais nao huwa kishawishi. Hutangazwa mara nyingi 9 Desemba, siku ya Uhuru, na 26 Aprili, siku ya Muungano, mtoto atausikia redioni. Sharti za kila msamaha ni tofauti na si kila kosa huingia. Mwambieni kabla siku haijafika: "Wapo watakaotoka, hatujui kama baba yumo." Asiposikia hivyo, jioni ya tarehe 9 atakaa mlangoni.

Rufaa ndiyo hivyo hivyo. Kesi ikitoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu, notisi hutolewa ndani ya siku 10 na rufaa ndani ya siku 45, na aliyekiri kosa kwa kawaida anaweza kulalamikia adhabu tu, ukubwa au uhalali wake, si kule kutiwa hatiani. Kama kuna wakili anafuatilia kuomba muda uongezwe, hilo lisifike masikioni mwa mtoto mpaka liwe na jibu.

Sasa kumwona. Kabla ya kumpeleka mtoto, aende mtu mzima peke yake kwanza. Ana sababu tatu. Ahakikishe mfungwa bado yupo pale, kwani huhamishwa. Aulize getini siku za kutembelea, utaratibu wa watoto, kitambulisho kinachotakiwa na vitu vinavyopokelewa, maana kila gereza lina ratiba yake, na usimwahidi mtoto kwamba atampelekea baba pilau kabla hujaambiwa ndiyo. Na amuulize baba mwenyewe kama yuko tayari. Wapo wanaokataa wiki ya kwanza kwa aibu, na mtoto akifika akakataliwa getini hilo halisahauliki.

Mtoto aelezwe jana yake atakachokiona, kwa mpangilio: ukuta mrefu, geti, kupekuliwa na askari, simu ya mama kuachwa nje, kusubiri kwa muda mrefu, baba akiwa kwenye nguo za rangi ya chungwa, nywele zimenyolewa, huenda kuna wavu au kaunta katikati na hutamkumbatia. Muda ni mfupi na askari yupo karibu, anasikia. Hayo ukiyasema kabla, akifika anatafuta uso wa baba. Usipoyasema, anatazama nguo.

Mumtayarishe pia na mambo mawili ya kumwambia baba. La shule moja, la nyumbani moja. Dakika zikiwa chache, mtoto asiye na la kusema hulia, baba naye analia, muda umekwisha.

---

Nyota_Likoni

Huku kwetu Kenya mambo hayatofautiani sana, punguzo ni theluthi vilevile, na nguo ni za mistari myeusi na myeupe. Nataka kuongeza kuhusu barua, kwa sababu naona mmeipita.

Kabla ya ziara yoyote, baba aandike. Mama anaweza kusema kilichotokea, lakini neno "nilikosea" mtoto analihitaji kutoka kwa mwenyewe. Barua za gerezani hupitiwa na maafisa, kwa hiyo iwe fupi na isitaje kesi. Familia impe baba mfano, maana wengi wakiachwa wenyewe huandika kurasa mbili za kujitetea au za kumwaga machozi. Inatosha hivi:

"Mwanangu, nilichukua pesa ambazo si zangu. Nilijua ni makosa nikafanya. Sasa ninatumikia adhabu. Huna kosa lolote. Mama yako akikuambia jambo kunihusu, mwamini. Niandikie unasoma nini kwenye Sayansi."

Ile "nilijua ni makosa nikafanya" isiondolewe. Mtoto wa miaka 8 anaujua vizuri utetezi wa "sikujua", anautumia yeye mwenyewe akivunja kikombe, na hatauamini kwa mtu mzima. Nayo "mwamini mama yako" inamrudishia mama nguvu aliyoipoteza kwa uongo wa safari.

Kitu kimoja cha kukatazwa waziwazi: baba asiandike "wewe sasa ndiye wa kumtunza mama". Wababa wanaipenda mno sentensi hiyo.

---

Mwalimu_Chaki

Upande wa shule. Msiende kwa mwalimu mkuu mkasimulia ofisini mbele ya karani. Chagueni mtu mmoja, mwalimu wa darasa au mwalimu wa unasihi kama yupo na anaaminika. Mumwambie mambo matatu: baba yuko gerezani, mtoto ameelezwa na anajua, na nani apigiwe simu mtoto akipata shida. Kosa lenyewe si lazima mlitaje.

Mumwombe mambo mahususi, si "tunaomba umwangalie". Kwa mfano: asitangaze darasani kwa nia ya kukemea watani, kwa sababu wale ambao hawakujua watajua. Ashughulike na wachokozi mmoja mmoja. Mtoto aruhusiwe kutoka nje dakika tano akizidiwa, bila kuulizwa mbele ya wenzake. Na insha za "Baba yangu" ziwe na mbadala, "Mtu ninayempenda nyumbani".

Dalili za kufuatilia: tumbo kuuma kila asubuhi ya siku ya shule na kupona Jumamosi, kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, kupigana ghafla, kukaa kimya mno, kuchukua vitu vya wenzake. Hili la mwisho linawatisha sana wazazi. Mara nyingi mtoto anajaribu kuona: nami nikichukua, mtanipeleka? Msimwambie kamwe "umeanza tabia za baba yako". Arudishe kitu kwa mkono wake, aombe radhi, basi, jioni ile ile imekwisha. Hapo anaona kwamba mtu anaweza kukosea, akalipa, na akaendelea kuwa mtu wa nyumbani.

Wiki mbili tatu za kuyumba ni za kawaida. Ikifika mwezi haipungui, au akisema anataka kufa, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, au pigeni 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Hilo la kufa halisubiri hata siku moja.

---

BabaMdogo_Tabata

Nawashukuru sana. Mawili yamebaki. Wa miaka 4 tunafanyaje? Na babu anaishi nyumba hiyo hiyo; shemeji akisema hivi Jumamosi, Jumatatu mzee atamwambia mtoto vingine.

---

Ustawi_Kata

Wa miaka 4 asikalishwe pamoja na dadake. Baadaye siku hiyo hiyo, sentensi tatu: "Baba yuko mahali panapoitwa gereza. Alifanya kosa, hawezi kurudi nyumbani sasa. Hukumkasirisha wewe." Hiyo ya tatu ni muhimu zaidi kwake kuliko kwa dada, kwa sababu umri huo mtoto hudhani kila kitu kimetokana na yeye: nilimwaga maziwa, baba akaondoka. Atauliza swali lile lile kila siku, labda kwa wiki. Jibuni kwa maneno yale yale bila kuongeza chumvi. Na msijaribu kumficha wakati dada anajua, mtalazimisha mtoto wa miaka 8 kuwa mlinzi wa uongo wenu.

Hesabu ya darasa haimfai. Tumieni vitu vya msimu: sikukuu, mvua, "ukianza shule". Na jihadharini na adhabu za nyumbani. Mkimtisha mdogo "nitakupeleka polisi" au "utafungwa" kwa sababu hataki kula, mmemharibia kila mlichojenga. Waambieni na dada wa kazi na majirani.

Babu: mwende wewe na shangazi wa watoto, Ijumaa, bila shemeji. Mkwe akibishana na baba mkwe jambo hili litageuka la heshima na mtapoteza wiki tatu. Msimwombe akubali kwamba mwanawe ana hatia mbele ya mtoto. Mwombeni jambo dogo: akiulizwa, ajibu "Muulize mama yako, yeye anajua." Wazee wengi hilo wanaliweza, kwa sababu haliwalazimishi kusema lolote baya kuhusu damu yao. Mpeni na kazi ya kwake. Mtoto anahitaji mtu wa kumsimulia baba alivyokuwa mdogo, alivyopenda mpira, alivyochapwa kwa kuiba maembe. Hayo ni ya kweli na hakuna anayeyajua kama babu.

Kama akigoma kabisa na akamwambia mtoto "kasingiziwa", mama asimwite babu mwongo. Aseme: "Babu inamuuma sana, kwa hiyo anasema hivyo. Baba mwenyewe alikubali kwamba alichukua." Barua ya baba ikiwepo hapo, ndiyo inayomaliza ubishi. Kwa hiyo ombeni barua kwanza kama mnaweza kuipata wiki hii. Kama haipatikani, Jumamosi ibaki palepale.

---

Mzee_Kigoda

Marahaba, mwanangu. Hilo la "muulize mama yako" naona hata mimi ningeliweza.

---

Mwalimu_Chaki

Kitu kidogo kabla sijasahau, ninyi wa familia mtakutana nacho Januari. Fomu za shule zina sehemu ya "kazi ya baba" na "mahali alipo". Jazeni kazi aliyokuwa nayo bila kubuni, na mahali alipo andikeni "hayupo nyumbani, wasiliana na mama", na namba ya simu. Fomu ijazwe na mtu mzima na ikabidhiwe kwa mkono kwa yule mwalimu mmoja, isipitie kwenye begi la mtoto.